Majina Thelathini na Manane

Mali yote ya Anselme Paluku ilienea katika mfuko mmoja wa kaki: mkanda wa suruali, kamba mbili za viatu, rozari ya mbao, simu yenye kioo kilichopasuka na saa ya mkono. Inspekta Concy Atoo alivipanga juu ya kaunta ya kituo, akavilinganisha na daftari kimoja kimoja, kama alivyofanya kwa kila mahabusu wake kwa miaka kumi na sita. Koplo wa zamu alikuwa ameandika vyote sawasawa, na mbele ya saa akaongeza maneno mawili: mbovu, inachelewa.

Atoo aliitazama. Ya ukutani ilisema saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Ya mkononi ilisema saa moja na dakika ishirini, na mshale wake wa sekunde ulitembea bila kusita. Akairudisha mfukoni, akatia sahihi. Alikuwa na mambo mazito kuliko saa mbovu ya mtu.

Anselme alikamatwa jana, Jumatano, saa tano na nusu asubuhi, na sheria inawapa polisi saa arobaini na nane tu kabla ya kumfikisha mtu mahakamani. Mwanasheria wa serikali alitaka jalada mezani kwake leo saa kumi jioni. Likiondoka kama lilivyo, Anselme angepelekwa gerezani kungoja kesi, na mkimbizi asiye na ndugu mjini hana wa kumdhamini. Kungoja kwa namna hiyo kunaweza kula miaka.

Kosa lenyewe lilikuwa jipya hata kwa Atoo. Shirika la Tuonane, lililoko Kansanga, Kampala, ghorofani juu ya duka la rangi, kazi yake ni kuwakutanisha watu waliopotezana vitani. Mtu huja akajaza fomu: namtafuta fulani, umri wake huu, alama yake hii, nilimwona mara ya mwisho mahali fulani. Majina hayo, elfu kumi na moja na ushee, yalikaa katika hifadhidata kuukuu, kwenye seva ambayo leseni yake ilikuwa imekwisha. Wiki iliyopita Anselme, fundi wao, alipewa kazi ya kuyahamishia kwenye toleo jipya, lile linalokubali kukaa juu ya Linux, mfumo huria usiodai leseni. Alimaliza Jumatatu. Jumanne mtu alikaa mbele ya mashine hiyo mpya, akafuta majina thelathini na manane. Diski ya zamani ilikuwa imesafishwa asubuhi ileile kwa amri ya mkurugenzi, na nakala ya kwanza ya akiba ilikuwa ianze Jumatano. Mfutaji alipata mwanya wa siku moja tu, akautumia.

Atoo alimkuta Anselme amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, miguu mirefu imekunjwa. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitano hivi, Mnande wa Butembo, mashariki ya Kongo, miwani yake imefungwa uzi pembeni. Walisalimiana kwa Kiswahili. Cha Atoo ni cha kambini. Alikiokota utotoni nyuma ya baba yake, mwanajeshi wa Gulu aliyehamishwa kila mwaka. Cha Anselme ni cha Kongo. Viwili hivyo hukutana katikati bila shida.

“Mashine inasema amri ilitolewa Jumanne saa tano na dakika hamsini na mbili,” Atoo alisema. “Kwa jina lako, kwenye kibodi yake yenyewe. Kitabu cha mlinzi kinasema saa hiyo ulikuwa ndani peke yako.”

“Kama kitabu inasema, inasema.”

“Kati ya hao waliofutwa yumo mama mmoja, Kahambu, miaka sitini na mmoja. Anatafutwa na mwanawe Anselme. Ulimfuta mama yako?”

Anselme alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati ingawa haikuwa na vumbi. “Mama yangu sikumufuta. Lakini andika vile unaona, maman. Mimi siko na mutu wa kunishuhudia.”

Baada ya hapo hakusema tena. Atoo alimchimba kwa nusu saa, akatoka mikono mitupu. Anayesingiziwa hupiga kelele, na aliyetenda hutunga hadithi. Huyu hakufanya moja wala jingine. Lakini kimya si ushahidi, na mtu mpweke hana shahidi. Hilo Atoo alilijua vizuri kuliko wengi. Mumewe Ongom alikuwa mwaka wa nne Somalia na kikosi chake, na kama angeulizwa leo nani alimwona nyumbani Jumapili iliyopita, asingekuwa na jina la kutaja.

Alianza na tetesi iliyokuwa rahisi kuliko zote. Wafanyakazi wawili wa Tuonane walisema toleo jipya lenyewe ndilo lililomeza majina. Kama ni kweli, hakuna kosa wala mkosaji, na Anselme angekula chakula cha mchana nje. Kwa hiyo alikwenda Bukoto kwa Latifah, fundi wa seva aliyekuwa na ofisi ndogo katikati ya maghorofa ya kupangisha. Polisi walikuwa wamempelekea rekodi za mashine jana jioni, zilizochapishwa kurasa kumi na moja.

Latifah alicheka kidogo alipoulizwa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye hijabu ya buluu, anayeongea huku mkono uko kwenye kipanya.

“Nyabo,” alianza, kwa neno la heshima la Kiganda, “toleo jipya lina makosa yake, sikatai. Linaweza kuwa zito, linaweza kukataa kuwaka. Lakini haliwezi kuchagua watu wa siku moja likawafuta wote, halafu likaacha wa jana yake na wa kesho yake. Hiyo ni amri ya mtu.”

Akamwonyesha. Wote thelathini na wanane waliandikishwa tarehe moja, kumi na nne Machi, na hakusalia hata mmoja wa siku hiyo. Kisha akaonyesha jambo jingine, ambalo lilimsumbua yeye mwenyewe kama fundi. Amri haikuandikwa kifundi. Ilipitia skrini ya mapokezi, ileile ya kuingizia fomu, ambayo karani yeyote anaijua. Kwa jina la karani skrini hiyo haikubali kufuta kitu. Kwa jina la msimamizi inakubali. Na jina la msimamizi, la Anselme, lilifunguliwa asubuhi na halikufungwa hadi alasiri.

“Fundi gani anafuta kwa skrini ya makarani?” Latifah aliuliza. “Ni sawa na seremala kupigilia msumari kwa kiatu, na nyundo iko mfukoni.”

Atoo alimshukuru, akakaa pale kwenye benchi akazisoma kurasa zote, ingawa aliambiwa mstari wenye maana ni mmoja tu. Ndivyo alivyofunzwa. Mstari wa mwisho wa Jumanne haukuhusu majina hata kidogo: mashine iliandika kwamba saa 14:10 umeme ulikatika, ikaanza kutumia betri. Saa nane na dakika kumi, Atoo alijisemea, akakunja karatasi.

Langoni kwa Tuonane alimkuta mlinzi, Okwir, askari mstaafu kutoka Lira, mwenye mvi kichwani na buti zinazong’aa. Ufunguo wa chumba cha mashine ulikuwa shingoni mwake, na hakuna aliyeupata bila kutia sahihi. Kitabu chake hakikuwa cha wageni tu. Aliandika nani kaingia na nani katoka, mvua imeanza lini, mbuzi wa nani kapita.

“Mimi iko andika kila kitu, afande,” alisema. “Jeshi ilinifundisha. Kitu kama haiko kwa kitabu, hiyo haikutokea.”

Ukurasa wa Jumanne ulikuwa safi kama gwaride. Anselme aliingia chumba cha mashine saa nne kamili, akatoka saa sita na dakika kumi, akatoka lango saa sita na robo, akarudi saa nane. Mtu mwingine pekee aliyechukua ufunguo ni Marie-Jeanne wa mapokezi, saa sita na nusu, kuchukua karatasi za printa ambazo huhifadhiwa mle kwa kuwa ni pakavu. Aliurudisha saa saba kasoro dakika tano. Saa tano na dakika hamsini na mbili, saa ya kosa, Anselme alikuwa peke yake. Kitabu na mashine vilimbana kutoka pande mbili.

Atoo aliuliza Anselme huenda wapi mchana. Kanisani, Okwir alisema, kila siku ya Mungu, hata chakula hali.

“Kengele inalia saa sita, yeye anaenda nyuma yake. Wenzake wanatoka, yeye ndiyo anaingia. Mimi namwambia, wewe Mkongo, hata Mungu unamchelewesha?”

Juu, Marie-Jeanne alimpokea kwa chai. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Bunia, Mkongo kama Anselme, mwenye sauti ya chini, na alivaa blauzi ya mikono mirefu iliyofungwa vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono ingawa joto lilikuwa kali na feni imesimama. Atoo aliomba kuona fomu za karatasi, maana kama zipo, majina yangerudi. Zilipangwa rafuni katika mafaili, si kwa majina bali kwa siku, kila siku na faili lake. Baada ya Machi kumi na tatu lilifuata la kumi na tano. Katikati palikuwa na nafasi ya unene wa vidole viwili, na vumbi halikuwa limekaa bado. Marie-Jeanne alisema labda Anselme alilichukua alipokuwa akihamisha, na akamwaga chai kidogo kwenye sahani.

Mkurugenzi, Bi Rosalba, hakuwa na shaka hata chembe. Alimweleza Atoo, kwa Kiingereza cha ofisini, kwamba mkataba wa Anselme ulikuwa unaisha na mashine hii, na mtu akijua anaachwa hufanya lolote. Kuhusu jina la mamake, alisema huo ndio ujanja wenyewe. Aliisifia mashine. Zamani makarani walilinganisha fomu kwa macho, mara moja kwa mwezi. Sasa mashine inalinganisha yenyewe kila asubuhi saa tatu, na ikikuta anayetafutwa yumo orodhani, inamtumia mtafutaji ujumbe wenye simu na mtaa. Ilianza jana. Jana hiyohiyo hesabu ya majina ilionekana imepungua thelathini na manane, na badala ya kushangilia aliita polisi.

Atoo alirudi langoni kunakili ukurasa wa Okwir, maana mwanasheria angeutaka. Alinakili mstari kwa mstari mpaka chini, na pale chini akasimamisha kalamu. Okwir alikuwa ameandika: saa 9 na dakika 10, umeme umeenda.

Alikunjua karatasi za Latifah. Mashine ilisema saa nane na dakika kumi.

“Mzee, Jumanne umeme ulikatika mara ngapi?”

“Moja tu, afande.”

“Na saa yako unaamini?”

Okwir alimtazama kama aliyeulizwa kama anamwamini mkewe. Atoo hakubishana naye. Alipanda tena ngazi akamuuliza Rosalba, na Rosalba alikumbuka vizuri, kwa sababu alikuwa kwenye mkutano wa mtandaoni ukakatika, akatuma ujumbe wa kuomba radhi. Akaufungua kwenye simu. Saa tisa na dakika kumi na moja. Kitabu kilikuwa sahihi, na mashine ilikuwa nyuma kwa saa nzima.

Atoo alisimama kwenye korido. Mashine iko nyuma saa moja. Saa ya mkono ya Anselme iko nyuma saa moja. Mtu mwenyewe huchelewa kengele ya saa sita, kila siku. Mambo matatu hayawezi kuchelewa kwa kipimo kimoja kwa bahati.

Alichukua ufunguo, akatia sahihi, akampigia Latifah. Latifah alimwambia neno fupi la kuandika kwenye kibodi, la kuiuliza mashine ni saa ngapi na iko wapi. Atoo aliandika kwa vidole viwili. Mashine ilijibu kwamba ni saa tano na dakika arobaini, na kwamba iko Lubumbashi. Kwenye simu yake Atoo ilikuwa saa sita na dakika arobaini, Kampala.

Latifah alikiri kwamba hilo hakuliwaza. Karatasi haisemi iko wapi. Saa tano na dakika hamsini na mbili ukiiongezea saa moja inakuwa saa saba kasoro dakika nane. Atoo alikuwa bado na kitabu kwapani. Hakuhitaji kukifungua kujua nani alikuwa na ufunguo saa hiyo. Alipogeuka alimwona Marie-Jeanne mlangoni na sinia la vikombe, macho yake yako kwenye skrini. Marie-Jeanne aliweka sinia chini polepole, akaondoka.

Mtu mwingine angemfuata hapohapo. Atoo alirudi kituoni kwanza, kwa sababu kuna jambo moja halikumwingia akilini.

Aliiweka ile saa sakafuni kati yake na Anselme.

“Hii si mbovu.”

“Hapana,” Anselme alisema. “Iko na saa ya Butembo.”

Akaeleza, akiangalia mshale. Yeye na mama yake walisali sala ya Malaika wa Bwana pamoja kila siku saa sita, tangu utotoni. Miaka mitatu iliyopita walipotezana kwenye njia ya Beni, watu wakikimbia, na jambo la mwisho mama alilopiga kelele katikati ya umati ni kwamba saa sita wasali kama kawaida. Hajui kama yu hai. Lakini kama yu hai, saa sita yake ni ile ya Butembo, ambayo hapa Kampala ni saa saba.

“Na mashine?”

“Ukiweka Linux, mbele ya yote inakuulizaka uko wapi. Inakupa liste ya miji.” Akaigusa ile saa. “Ilikuwa siku ya Mungu, Jumapili. Niko mwenyewe mu kile chumba, sijasema na mutu tangu Ijumaa. Ikaniuliza uko wapi. Butembo haiko mu liste. Nikachagua Lubumbashi, sababu saa yao na yetu ni moja. Nilisema nitabadilisha kesho.”

Ndipo Atoo akauliza lile alilolijia.

“Ulilijua hili tangu jana. Ungemwambia koplo, ungelala kwako. Kwa nini hukusema?”

“Ukisogeza saa, inaangukia mutu mwingine.”

“Inamwangukia Marie-Jeanne. Alimfuta mama yako, Anselme.”

“Hakujua. Alifuta siku, hakufuta mama.” Alivaa miwani. “Jumatatu ni mimi nilimwambia mashine itaanza kutuma message yenyewe. Alipauka sana. Jioni nikatafuta fomu yenye jina lake, nikaisoma. Na wewe isome, maman. Kisha utaniambia kama ungesema.”

Ilikuwa saa nane na nusu Atoo alipofika Kansanga tena. Marie-Jeanne alikuwa ameaga kwamba anaumwa. Okwir, ambaye kitabu chake kilijua hadi hapo, alimwelekeza kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya soko. Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja, kikombe kimoja. Juu ya kitanda palikuwa na faili limefungwa kwa kitenge, kama zawadi ya kupelekwa arusini.

“Jana mangaribi nilivaa viatu nikuje polisi,” Marie-Jeanne alisema. “Nikaogopa. Nimelala na hii faili.” Viatu alikuwa bado amevivaa.

Atoo alikaa kwenye kiti, akamwacha aseme. Yeye mwenyewe aliandikishwa Tuonane mwaka juzi, akimtafuta mdogo wake wa kike. Kisha Machi, siku ambayo hakuwa kazini, mumewe Jean-Claude, ambaye Marie-Jeanne alikuwa amemtoroka, naye akaja akajaza fomu ya kumtafuta. Karani mwingine aliiingiza. Miezi yote hiyo, wakati wa kulinganisha kwa macho, Marie-Jeanne ndiye aliyelinganisha, na kila mwezi aliiruka fomu hiyo. Mashine isingeruka. Jina lake mwenyewe hakutaka kulitoa, maana mdogo wake angempataje? Basi likabaki kufutwa la Jean-Claude. Jumanne aliingia kuchukua karatasi, akaikuta skrini iko wazi kwa jina la Anselme.

“Sisi ku mapokezi tunapanga kwa siku, hapana kwa majina. Mukono yangu inajua siku tu. Nikaweka siku, nikabonyeza. Ikaniambia thelathini na munane. Nikaona nimeuwa batu.”

“Na faili?”

“Nilitaka kuchoma. Nikafungua, nikaona picha zao.” Alitikisa kichwa. “Haikuwezekana.”

Atoo alifungua kitenge. Ya Jean-Claude ilikuwa chini kabisa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma. Anayetafutwa: Marie-Jeanne, mke wangu. Kwenye mstari wa alama alikuwa ameandika: kovu la moto, mkono wa kushoto, kutoka begani hadi kiganjani. Marie-Jeanne alifungua vifungo vya mkono wa blauzi, akaupandisha. Jean-Claude alikuwa ameeleza sawasawa, hakuongeza wala kupunguza.

“Anaijua vizuri,” Marie-Jeanne alisema. “Yeye ndiye alimwaga ile mafuta.”

Saa tisa na nusu walikuwa watatu ofisini kwa Rosalba, Marie-Jeanne akiwemo, mlango umefungwa. Atoo aliweka fomu thelathini na saba upande mmoja wa meza, na moja peke yake. Hakutoa hotuba. Alieleza habari ya saa, akaeleza Anselme alikuwa kanisani wakati majina yanafutwa, akasema ni nani aliyekuwa ndani. Kisha akamsogezea Rosalba ile fomu moja. Rosalba aliisoma. Akautazama mkono wa blauzi ambao alikuwa ameuona kila siku kwa mwaka na nusu ukimletea chai, akairudia tena ile fomu. Alipozungumza aliacha Kiingereza.

“Jumatano saa tatu,” alisema. “Ingemtumia simu na mtaa. Ni mimi niliyesema itume bila kuuliza.”

Aliandika barua ya kuondoa malalamiko kwa mkono wake, kwa kuwa hakutaka kuipitisha kwa karani. Saa kumi kasoro dakika saba Atoo alimpigia mwanasheria wa serikali, akamsomea: saa ya mashine si saa ya Kampala, mshukiwa alikuwa nje ya lango, mlalamikaji ameondoa malalamiko, majina yamepatikana. Mwanasheria aliguna, akauliza kama basi hakuna kesi. Atoo alisema ipo moja, nyingine. Ile fomu ya thelathini na nane aliitia mfukoni. Ilikuwa na jina kamili la Jean-Claude, simu yake na mahali anapolala, yote kwa mkono wake mwenyewe. Jalada jipya lilikuwa linahitaji hayo tu ili lianze. Mtafutaji sasa angetafutwa.

Anselme alirudishiwa mkanda, kamba, rozari, simu na saa. Angeweza kwenda kulala. Badala yake aliomba apelekwe Kansanga, na Atoo, ambaye kwake hakuna aliyekuwa akimngoja, alikwenda naye.

Marie-Jeanne alisoma fomu kwa sauti, Anselme akaandika. Hawakuombana radhi na hawakutazamana. Ya Kahambu aliisoma mwisho: miaka sitini na mmoja, alama, kidole kidogo cha mkono wa kulia hakikunjiki, kaonwa mwisho kwenye njia ya Beni, amejifunga kitenge cha kijani. Anselme aliandika, akabonyeza. Mashine ililinganisha na watu elfu kumi na moja kwa muda wa kupepesa jicho, ikajibu kwamba hakuna. Alikaa akilitazama neno hilo. Kisha, kama Rosalba alivyoagiza, akaihamisha mashine kutoka Lubumbashi kuileta Kampala. Saa ya mkononi hakuigusa.

Langoni alitia sahihi ya kutoka, na mkono wake ukaandika kwa mazoea: saa 11 na dakika 5. Okwir aligeuza kitabu, akatazama, akatazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tano. Alichukua kalamu. Kitabu hicho hakikuwa kimewahi kubeba saa ya uongo, na Atoo alingoja aikate.

“Hii ndiyo ya kwenu?” Okwir aliuliza.

“Ndiyo, mzee.”

“Sasa hivi kule kwenu watu wanafanya nini?”

Anselme aliitazama saa yake. Kwa miaka mitatu hakuna aliyemuuliza hivyo. “Mama anaanua nguo,” alisema. “Saa kumi na moja anaanua nguo.”

Okwir alitikisa kichwa kukubali. Aliandika saa ya Kampala chini ya ile ya Butembo, bila kuikata, kisha akainama, akaongeza mstari kwa herufi kubwa za kiaskari, akiuliza jina la mama ni nani na linaandikwaje. Atoo alisoma juu ya bega lake: Butembo, saa 11 na dakika 5, Kahambu anaanua nguo.